Kunja, Omba Maji

Mwanangu Tusekile,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na anayeandika husema yeye ni mzima wa afya. Hapo nitaruka. Hali yako naijua: uko uani unapiga pasi sare mpya, moshi wa mkaa unaingia mpaka huku ndani, na tangu asubuhi umenipa maneno mawili tu, "shikamoo" na "ndiyo". Hali yangu utaijua ukifika mwisho.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala vumbi la barabara ya Tunduru. Hayo nimeyasema tangu ulipojifunza kutembea na umeyashika kuliko mimi mwenyewe. Kuna jambo moja tu nililolikwepa kwa miezi tisa, ndani ya nyumba ya vyumba viwili hapa Rahaleo, na kulikwepa jambo katika nyumba ndogo namna hii ni kazi kubwa kuliko kulisema. Nimeifanya kazi hiyo kwa bidii. Laiti ningefundisha kwa bidii hiyo.

Nianze mbali kidogo. Usidhani nazunguka, nazungukia hapo hapo.

Nilipopangiwa kazi mara ya kwanza, miaka ya tisini, nilikuwa binti wa Tukuyu niliyezoea baridi na migomba, nikatupwa kwenye shule ya msingi kando ya Ruvuma. Wewe ulizaliwa huko, lakini ulitoka ukiwa mdogo, hukumbuki. Sanduku la posta lilikuwa moja, la shule, na barua za kijiji kizima zilipitia kwangu. Kila nilipotoka mjini kuchukua mshahara nilirudi na barua kwenye kikapu, na wengi wa wenyewe hawakujua kusoma. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yao na mdomo wao. Nikiwa na miaka ishirini na tatu nilijua nani kaachwa, nani kafungwa, nani kaoa mke wa pili huko Dar es Salaam akamficha wa kwanza. Sikuwa mmbea, Tuse. Nilikuwa kitu kibaya zaidi: nilikuwa mtu muhimu.

Mzee Momade, baba yake Somoe rafiki yako, ndiye aliyenifundisha adabu ya kazi ile. Alikuwa Mmakua, alivuka mto wakati wa vita vya Wareno akalima mpunga upande wetu, na ndugu zake walibaki ng'ambo na wengine Dar bandarini. Siku ya kwanza nilimpelekea barua nikaifungua pale pale na kuanza kusoma kwa sauti, kama ninavyosoma darasani. Akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Mwalimu," akasema, "soma kwa macho kwanza. Mdomo baadaye."

Akanieleza. Zamani barua yake ilisomwa na mtoto wa shule, kijana hodari wa kusoma, akaisoma moja kwa moja bila kupumzika, mpaka ndani yake mkawa na kifo cha mama mkwe. Mkewe alikuwa pembeni anatwanga. Hakulia. Aliendelea kutwanga mpaka jioni, kinu hakina kitu ndani.

"Sasa wewe ukiona humo ndani kuna msiba," akasema, "usiniambie. Kunja, omba maji. Mimi nitajua. Nitaita watu, tutakaa, halafu utasoma."

Nilifanya hivyo mara tatu katika miaka niliyokaa kule. Nilikunja, nikaomba maji. Mara zote tatu aliniletea maji mwenyewe, kwa mikono miwili, akasubiri ninywe yote. Kisha akamtuma mtu kuita majirani. Sijawahi kufundishwa chuoni jambo la maana kama lile, na ndilo jambo nililolisahau asubuhi moja tu, kwa muda wa kubonyeza kitufe.

Tulihamia mjini, nikaenda kusoma stashahada, nikarudi nikiwa mwalimu wa sekondari. Baba yako naye alihamishwa, na yeye alihamia kweli. Simu ilipokuja, ile yangu ya tochi, ikawa sanduku la posta jipya. Watu wa kule mtoni waliichukua namba yangu kama walivyokuwa wakiandika jina la shule kwenye bahasha. Mtu akitaka kumpata ndugu yake aliye huku mjini, anapanda mwinuko unaoshika mtandao, anatuma kwa Mwalimu, Mwalimu anapeleka. Nikawa mtu muhimu tena. Nilisoma ujumbe wa watu na mara nyingine nilikusomea na wewe, tukacheka, sote wawili kitandani. Unakumbuka yule aliyeomba radhi kwa mkewe mara sita kwa siku moja? Tulimwita Bwana Sita. Baadaye ulipokuwa ukichungulia simu za wenzako shuleni nilikugombeza. Sijui nilifikiri umejifunzia wapi.

Sasa ile siku. Nakuandikia kama ilivyokuwa, maana kwa miezi tisa kila mtu ameisimulia isipokuwa sisi wawili tulioijua.

Ilikuwa wiki ya mtihani wa majaribio wa mkoa, asubuhi ya hesabu. Nilikuwa ofisi ya walimu, simu ikiwa mkobani kwangu, ilikuwa nami tangu alfajiri. Ukaingia ujumbe wa mjomba wake Somoe kutoka mtoni: Mzee Momade amefariki usiku. Somoe asiambiwe. Amalize mtihani. Nakuja na gari, nitafika saa saba, nitamchukua mwenyewe, tutamzika alasiri.

Angalia jinsi watu wale walivyojipanga. Yule mjomba alipanda mwinuko usiku na msiba kifuani, akafikiria mtihani wa mtoto. Aliniomba jambo moja tu, nikunje. Hata maji sikuhitaji kuomba.

Nikaandika: "Poleni sana kwa msiba huu mzito wa mzee wetu. Tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu." Nikamtumia shangazi yake Somoe wa Mtawanya, yule ambaye Somoe alikuwa akikaa kwake. Kwa nini shangazi? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Jibu ni dogo na linanuka. Nilitaka pole yangu iwe ya kwanza. Nilitaka baadaye aseme mbele ya watu, Mwalimu ndiye aliyeanza kunipa pole.

Na nilijua simu ya shangazi ilikuwa wapi. Hili ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Wewe mwenyewe uliniambia wiki ile ile, kwa kucheka, kwamba Somoe anakuja shule na simu ya shangazi yake kwenye soksi, kwa sababu mnaandikiana wakati wa mapumziko, wewe ukiazima yangu. Nililijua hilo na halikunijia kichwani. Au lilinijia likapita. Sina hakika tena, na kutokuwa na hakika huko ndiko kunakoninyima raha kuliko yote.

Ujumbe ukamkuta Somoe kwenye foleni ya kuingia chumba cha mtihani. Ulitoka kwenye namba yangu, lakini kwenye simu ile namba yangu ilikuwa imeandikwa "Tuse", maana wewe ndiye uliyezoea kumwandikia kwa namba hiyo. Akakufuata mbele ya darasa zima.

"Tuse, msiba gani?"

"Msiba gani wa nani?"

"Umenitumia hapa. Mzee yupi?"

Ukasema si wewe. Ukasema hujui. Yeye akakuangalia, akaangalia simu, akaelewa kabla hujaelewa wewe, akatoka getini akikimbia. Hakumngoja mtu. Alidandia lori lililokuwa likielekea njia ya mtoni, na lori likaharibika njiani. Mjomba akafika saa saba kama alivyosema, hakumkuta, akazunguka mji mzima akimtafuta, Mtawanya, hospitali, stendi. Walipishana. Kule mtoni waliwangoja mpaka jua likakaribia kuzama, wakazika. Somoe alifika watu wanaosha miguu. Mjomba alifika kesho yake. Mtoto hakumwona baba yake, mjomba hakumzika shemeji yake, na yote hayo kwa sababu mimi niliwahi kutoa pole.

Hakurudi shule. Mjomba alipoulizwa alisema mahali ambapo mtoto huambiwa kifo cha baba yake na kidude cha mfukoni, hapo si shule.

Na sasa tufike ofisini. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, ingawa ulikuwepo.

Mkuu wa shule alikuita mbele ya walimu. Shangazi alikuwepo, amefunga khanga kiunoni, anakuonyesha kidole. "Mtoto huyu ana roho gani jamani," alisema, "anamfanyia mwenziwe mzaha wa msiba." Ukasema tena si wewe. Mkuu akanigeukia.

"Mwalimu, simu hii hukaa na nani?"

Nikasema, "Ni ya nyumbani. Mtoto naye huichezea."

Kila neno lilikuwa kweli. Simu ni ya nyumbani. Wewe huichezea. Nimewasahihishia wanafunzi miaka yote hii na sijawahi kukutana na uongo uliopangwa vizuri kama ule, bila neno moja la uongo ndani yake. Ukanitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Nami sikuimaliza.

Kwa nini hukusema, Tuse? Ungeweza kusema, "Simu ilikuwa naye tangu asubuhi." Maneno matano tu. Nimekaa na swali hilo, na usiku mwingine nilikuchukia kwa kunyamaza kwako, kwa sababu kulinifanya niwe na deni kwako, mimi mtu mzima niliyeokolewa na mtoto. Viboko vinne mstarini, mimi nikiwa nimesimama na walimu wenzangu nimeshika daftari la mahudhurio. Wiki mbili nyumbani. Nilikupikia wali siku ile. Ulikula, ukaosha sahani, ukasema ahsante.

Barua ina mwandiko, nilijiambia, lakini simu haina. Herufi zangu na zako ni zile zile. Nilijificha ndani ya herufi zile, na watu wengi watajificha humo baada yangu, wenye elimu kuliko mimi.

Halafu, kama vile Mungu naye ana mzaha wake, mkuu akaamua wanafunzi wafundishwe Matumizi Mema ya Simu na Mtandao, maana pia vibanda vya intaneti vilikuwa vimefunguliwa mjini na wavulana wanashinda humo. Akanichagua mimi. Alisema mimi ni mzazi niliyeguswa, watanisikiliza. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu nililiona vizuri na bado nikapanda jukwaani. Niliandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Usitukane watu. Usisome ujumbe wa mwenzio. Usitume habari usiyopewa ruhusa. Fikiri kabla ya kutuma. Wewe ulikaa dawati la tatu dirishani na ulinakili yote.

Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama simu ni ya nyumba nzima, ujumbe uliotumwa ni wa nani?" Nikamjibu kwamba ni swali zuri na tutalijadili wakati mwingine.

Mwisho nikawapa swali la kuandika: mtumiaji mwema wa simu na mtandao ni mtu wa namna gani? Walijaza kurasa. Walinirudishia ubao wangu wote, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, na nikawapa nane, tisa, mmoja kumi. Karatasi yako ilikuwa na mstari mmoja.

"Ni mtu anayesema ni yeye."

Nilikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika mbili juu ya kumi, na chini yake, "Haijakamilika. Fafanua." Nikairudisha darasani pamoja na nyingine, nikaita jina lako kwa sauti ya kawaida, ukaja ukaipokea kwa mikono miwili.

Mwanangu, nimefanya makosa mengine maishani. Nilimkopesha baba yako imani mara nyingi kuliko alivyostahili. Niliwahi kumpiga mtoto mgonjwa nikidhani ni mvivu. Lakini alama ile ya mbili ndiyo kitu cha aibu kuliko vyote mkono wangu umewahi kuandika.

Ulipojaza fomu ya shule za kidato cha tano ulichagua zote za mbali. Nilizisoma ulipoiacha mezani. Majirani wananipongeza kwamba binti yangu ana moyo, haogopi safari. Nami nawashukuru.

Jumamosi ile niliyokuambia naenda kwenye kikao cha chama cha walimu, hakukuwa na kikao. Nilikwenda mtoni. Somoe nilimkuta anapepeta mpunga na mama yake. Amekuwa mtu mzima kwa mkupuo, hata sauti. Akanitandikia mkeka, tukaamkiana, nikashindwa kuanza. Jua la njiani lilinitia kiu. Basi nikaomba maji.

Ungo ukamtoka mikononi. Akasimama ananiangalia, na mama yake naye akasimama.

"Nani tena, Mwalimu?" akauliza.

Nilikuwa nimesahau, Tuse. Katika nyumba ile mimi siombi maji hivi hivi. Nikawaambia upesi hakuna aliyekufa, hakuna, ni mimi nimekuja kusema neno. Na ndipo nikasema, nimekaa sakafuni, kwamba ujumbe ule niliuandika mimi na wewe hukuujua.

Somoe akaketi. Hakushangaa.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Nilijua lori lilipokufa pale njiani, niliposoma mara ya pili. Tuse angeandika 'kipindi hiki kigumu'? Yule hata shikamoo anaikata."

Kwa hiyo simu ina mwandiko, kumbe. Wote mliusoma, nyinyi watoto, na mimi niliyesomea kusahihisha ndiye pekee niliyedhani sionekani.

Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu. Akasema, "Ningemwambia nani? Shangazi angekuja kukupigia kelele shuleni, na Tuse angebaki na mama aliyefukuzwa kazi." Kisha akaniuliza, "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Basi umeanza nyuma, Mwalimu."

Mama yake aliinama. Aliokota mpunga uliomwagika, punje kwa punje, mpaka nilipoaga. Sikuombwa nirudi.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu. Cheti chako cha kuondokea kina mstari unaosema uliadhibiwa kwa matumizi mabaya ya simu, na cheti hicho unakipeleka kwa watu wasiokujua. Nikamweleza yote nikaomba afute. Alifunga mlango kwanza. "Mwalimu," akasema, "yamekwisha. Ukifukua haya tunachafuka sote. Mtoto ni mtoto, atasahau." Nikamwambia mtoto wangu hana ugonjwa huo. Hakufuta. Tangu siku hiyo nikiingia ofisini mazungumzo hukatika, na nasikia jina langu limependekezwa kwa uhamisho. Kwa shangazi kule Mtawanya nilikwenda pia. Alinisikiliza mlangoni, akasema, "Na yale matusi niliyomtukana binti yako nani atanirudishia?" Akafunga mlango. Alikuwa na haki.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimewafundisha watoto kuomba radhi kwa mistari mitatu wakapeana mikono na marafiki zao, nami nikaona ni kazi iliyofanyika vizuri. Sasa nashindwa hata kujua radhi yako ningeiweka wapi. Ukiipata baki nayo mpaka uone kama inakuzidi. Nakuomba tu usije ukafanana nami katika hili. Na naona hufanani, na hiyo ndiyo furaha niliyobaki nayo, ingawa inaniuma kama jino.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni barua kwa mkuu wa shule yako mpya, kwa mkono wangu, ina jina langu lote na sahihi yangu, inayoeleza mstari ule wa kwenye cheti ulitokana na nani. Ipeleke au ichane, ni yako. Ya pili ni karatasi yako ya mstari mmoja. Uliitupa kwenye taka, nikaiokota. Ile mbili nimeikata. Sikuweka alama nyingine, kwa sababu si mimi wa kuweka.

Barua hii sitaificha sandukuni chini ya shuka, uikute kwa bahati ukiwa mbali na mimi. Nitakupa mkononi sasa hivi, ukimaliza kupiga pasi, kungali na jua. Utaniona nimeikunja. Nitakuomba maji ya kunywa, na wewe utajua.

Soma kwa macho kwanza. Mdomo baadaye, hata kama ni wa kunitukana. Nitakuwa nimekaa hapo kizingitini.

Ni mimi, Tuse. Ujumbe ule ni mimi.

Mama yako